Inchi Tatu Kasoro: Safari ya Zanzibar na Jidda tangu Majahazi mpaka Ndege



Siku moja mteja wetu alikuja dukani kuchukua kanzu zake nyeupe za Hija. Alipokuwa akijitazama kwenye kioo akatuuliza, "Hivi jamani, Jidda ni mbali kiasi gani?" Tukamjibu kama wanavyojibu watu wote, "Masaa manne na kitu kwa ndege." Akacheka. "Mimi sikuuliza masaa. Nimeuliza umbali." Tukatazamana. Miaka yote hii tunawashonea mahujaji, na hatujui wanakwenda umbali gani!

Usiku ule tulichukua lile tufe la dunia analosomea mtoto wetu wa skuli, tukalipima kwa tepu yetu ya kazini. Kiuno cha dunia kilikuwa inchi 37. Kisha tukaweka ncha ya tepu juu ya Unguja, tukaivuta mpaka Jidda. Inchi 3 kasoro. Dunia ya kweli ina kiuno cha kiasi cha kilomita 40,000, kwa hiyo kila inchi ya tufe letu ni kama kilomita 1,080. Tukazidisha, tukapata kiasi cha kilomita 3,100.

Hatukuridhika na hesabu ya tepu, tukatafuta vipimo vya viwanja vyenyewe. Uwanja wetu wa Abeid Amani Karume, kule Kisauni, uko nyuzi 6 na dakika 13 kusini ya ikweta. Uwanja wa Mfalme Abdulaziz wa Jidda uko nyuzi 21 na dakika 41 kaskazini ya ikweta. Ukijumlisha unapata nyuzi 27 na dakika 54. Mabaharia wana hesabu nyepesi: kila dakika moja ya kwenda kaskazini au kusini ni maili moja ya baharini. Basi 27 mara 60, ongeza 54, ni maili 1,674 za baharini. Kila maili ya baharini ni kilomita 1.852. Jawabu ni lile lile, kilomita 3,100. Tepu ya fundi haikusema uongo.

Lakini lililotushangaza zaidi ni kipimo cha pili, kile cha mashariki na magharibi. Zanzibar iko nyuzi 39 na dakika 13 mashariki. Jidda iko nyuzi 39 na dakika 9. Tofauti ni dakika 4 tu, kama kilomita 7, katika safari ya kilomita 3,100! Maana yake ukisimama Kisauni ukanyoosha mkono kaskazini, umenyoosha Jidda. Mstari huo unapita karibu na Tanga, unakata Kenya, unapita jirani na Addis Ababa, kisha jirani na Asmara, unaingia Bahari ya Shamu na kufika Jidda. Makka yenyewe iko pembeni kidogo tu ya mstari huo.

Ndiyo maana sisi wa visiwani tukiswali tunaelekea kaskazini. Wazee wetu walilitumia neno kibla kwa maana ya upande wa kaskazini pia, na watoto wa mji wa siku zile hawakuhitaji dira. Ule msikiti wa kale wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 kwa kalenda ya miladi. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 900 watu wa kisiwa hiki wamekuwa wakielekeza nyuso zao kwenye mstari huu huu ambao leo ndege inaufuata. Tena kwa kuwa tuko mstari mmoja, saa zetu na saa zao ni moja, na jua la adhuhuri likiwa juu ya vichwa vyetu, kwao nako ni adhuhuri. Tunapishana sekunde chache tu.

Basi umbali haujawahi kubadilika. Kilichobadilika ni safari, na hiyo ndiyo khabari tunayotaka kukusimulieni leo, kwa sababu ndani yake wamo wanawake wa kwetu ambao hawaandikwi sana.

Upepo na mwezi havikupatana

Jahazi haliwezi kupita juu ya Kenya na Uhabeshi. Linalazimika kuifuata pwani, kupita Mombasa, Lamu, Mogadishu, kuzunguka Pembe ya Afrika, kuingia Aden, kupita mlango wa Bab el Mandeb na kupanda Bahari ya Shamu. Hapo kilomita 3,100 zinakuwa zaidi ya 4,000. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyekuja mwambao wetu katika karne ya 14, alitokea upande huo huo. Aliandika kuwa kutoka Aden kwenda Zeila ni safari ya siku 4, na kutoka Zeila mpaka Mogadishu ni masiku 15 baharini. Na hapo bado hajafika Mombasa wala Kilwa.

Hata hivyo tatizo kubwa la wazee wetu lilikuwa kungoja zaidi kuliko masafa. Kila mtu wa visiwani anajua kwamba kaskazi huvuma baina ya Disemba na Machi, na kusi huanza Aprili, hupamba moto Juni na Julai, kisha hupoa tukaingia demani. Anayetaka kwenda juu anasafiri na kusi. Anayetaka kurudi anangoja kaskazi. Bahari ya Shamu nayo ina pepo zake. Upande wake wa kusini upepo hutoka kusini tangu kiasi cha Oktoba mpaka Mei, kisha hugeuka miezi ya joto. Upande wake wa kaskazini upepo hutoka kaskazini karibu mwaka mzima, na pepo hizo mbili hukutana chini kidogo ya Jidda. Kwa hiyo hata kile kipande cha mwisho nahodha alikuwa akipigana na upepo wa mbele.

Sasa ongeza jambo hili, dada zetu. Upepo unafuata jua, Hija inafuata mwezi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa kiasi cha siku 11, kwa hiyo Hija inazunguka majira yote kila baada ya miaka 33 hivi. Mwaka mmoja inaangukia kaskazi, miaka kadhaa baadaye inaangukia kusi. Upepo hausogei ukaifuata.

Tulikaa tukapiga hesabu ya mwaka 2023, ambao siku ya Arafa ilikuwa tarehe 27 Juni. Lau mtu angekwenda kwa jahazi, kuondoka hapa Aprili kungekuwa hatari, kwani angefika Aden Mei, na upepo wa Bahari ya Shamu ungemgeukia kabla hajafika. Salama yake ilikuwa aondoke na demani ya 2022, Agosti au Septemba, afike Aden, apande Bahari ya Shamu miezi ya Novemba na Disemba, kisha akae Jidda na Makka nusu mwaka akingoja Hija. Baada ya Hija angeteremka na upepo wa kaskazini Julai, akae Aden tena mpaka kaskazi ianze, na kufika nyumbani Januari 2024. Miezi 16 au zaidi! Na hayo ni mambo yakienda vizuri.

Ndiyo maana mtu akienda Hija alikuwa akiaga kama anayekufa. Analipa madeni, anaandika wasia, anazunguka mtaa mzima kuomba radhi, anaweka chakula cha mke na watoto. Siku hizi tunaomba radhi kwa ujumbe wa simu tukiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege.

Bibi wa bibi yetu

Marehemu bibi yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akitusimulia khabari ya bibi yake aliyekaa Pemba miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Mumewe alikuwa na mikarafuu michache. Msimu mmoja karafuu zikazaa sana, akauza, akasema sasa fardhi imeniwajibikia. Meli za moshi zilikuwapo wakati huo, lakini nauli yake ingekula fedha yote na watoto wasibakiwe na kitu, akachagua jahazi. Akaondoka na kusi. Mkewe akabaki na watoto watatu.

Bibi alisema mwanamke yule hakuwa akihesabu miezi, alikuwa akihesabu misimu. Ikapita kaskazi ya kwanza, majahazi yakaja na tende na samaki mkavu, mume hayumo. Akaenda kuuliza kwa manahodha, hakuna anayejua. Ikaja kusi, ikapita. Kaskazi ya pili ikaja jahazi ambalo baharia wake mmoja alimjua mumewe. Akamwambia kuwa alifika Makka, alihiji, na wakati wa kurudi aliumwa tumbo akafia Aden, akazikwa huko. Ilikuwa zamani, karibu mwaka mzima nyuma.

Mwanamke yule akataka kukaa eda. Akaenda kwa shekhe. Shekhe akamwambia kuwa eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10, na huhesabiwa tangu siku ya kufa mume, si tangu siku ya kupata khabari. Siku zake zilikuwa zimeshapita. Alikuwa amemaliza eda kabla ya kujua kuwa ni mjane.

Bibi yetu alikuwa akifika hapo ananyamaza. Sisi tulikuwa watoto, hatukuelewa kilichomnyamazisha. Sasa tunaelewa. Mwanamke yule alipika, alicheka na majirani, alitia mafuta nywele zake siku za sikukuu akimngoja mtu aliyekwisha kuzikwa. Hata siku za msiba wake hakuzipata. Umbali wa kilomita 3,100 alioulipia ni huo.

Moshi, karantini na wale ambao hawakutaka kwenda

Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, na Aden ikawa kituo kikubwa cha makaa ya mawe. Mwaka 1872 kampuni ya Kiingereza ya British India ilianza kuleta meli ya barua kila mwezi baina ya Aden na Zanzibar. Aprili ya mwaka huo huo kimbunga kikali kilipiga Unguja kikavunja vyombo bandarini, na Sayyid Barghash baadaye akanunua meli za moshi zake mwenyewe. Meli ya moshi haingoji kusi wala kaskazi. Meli inayokwenda maili 10 za baharini kwa saa inakata maili 240 kwa siku, kwa hiyo safari ya kutoka hapa mpaka Jidda ingekula kiasi cha siku 10 za kwenda mfululizo. Kutoka mwaka mzima mpaka siku 10!

Lakini kasi ilileta balaa lake. Maradhi nayo yalipanda meli. Mwaka 1865 kipindupindu kiliua maelfu ya mahujaji Makka, kisha kikasambaa na waliorudi makwao, na mwaka uliofuata mataifa yakakutana Istanbul kujadili namna ya kukizuia. Waturuki, ambao ndio waliotawala Hijazi, wakafungua karantini 1882 katika kisiwa cha Kamaran ndani ya Bahari ya Shamu. Mahujaji waliotoka upande wetu na upande wa Bara Hindi waliteremshwa hapo kwanza. Walioshwa, na nguo zao zilitiwa kwenye matanuri ya mvuke, wakakaa siku kadhaa ndipo wakaruhusiwa kuendelea. Kwa hiyo kungoja hakukuondoka. Kulihama tu kutoka kwenye upepo kwenda kwa mabwana afya.

Na tusisahau kusema ukweli mwengine. Njia hii ya baharini haikupita mahujaji peke yao. Walipita pia watu waliouzwa, na wengi wao walikuwa wanawake na wasichana waliotekwa bara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini biashara ya magendo iliendelea, na utumwa Saudia ulipigwa marufuku 1962 tu. Tukizungumzia bibi zetu waliongoja wapendwa wao, tuwakumbuke na wale ambao mama zao bara waliwangoja na hawakupata hata baharia wa kuwaambia kitu.

Majahazi yenyewe hayakufa haraka. Mwaka 1938 Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kuwait huko Aden, akaja nalo mpaka Zanzibar na Rufiji, akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Alieleza jinsi wanaume walivyojazana juu ya sitaha, na wanawake wakawekwa chini, katika chumba cha nyuma chenye giza na hewa nzito. Wanaume waliiona bahari. Wanawake waliisikia tu ikigonga mbao. Ukisikia mtu anasema zamani wanawake wachache ndio waliokwenda Hija, usidhani hawakuwa na hamu.

Paa la kitambaa

Bandari ya Jidda ina miamba ya matumbawe, na meli kubwa zilikuwa zikitia nanga mbali, mahujaji wakashushwa kwa vyombo vidogo. Kutoka hapo mpaka Makka ni kiasi cha kilomita 80, safari ya siku mbili kwa ngamia. Ndege ndiyo iliyomaliza yote hayo. Leo mgeni haioni bandari kabisa, anashuka kwenye uwanja uliofunguliwa 1981 ambao una jengo maalumu la mahujaji.

Jengo hilo sisi mafundi wa nguo lazima tulitaje. Paa lake ni kitambaa! Ni mahema 210, kila moja lina mita 45 kwa 45, yametengenezwa kwa kitambaa cha nyuzi za kioo, yananing'inia kwenye nguzo za chuma. Ukijumlisha ni zaidi ya mita za mraba 425,000. Hewa ya moto inapanda na kutokea juu, na chini kunabaki kivuli. Mmoja wa wahandisi wake wakubwa ni Fazlur Rahman Khan, Muislamu wa Bengal aliyezaliwa 1929 na kufanya kazi Chicago. Alifariki Machi 1982, na mauti yalimkuta hapo hapo Jidda. Tunapokata kitambaa cha mita tatu na kulalamika kuwa kinateleza, tunamkumbuka.

Masaa manne, na miaka kumi na miwili

Sasa turudi kwa mteja wetu. Ndege ya moja kwa moja kutoka Zanzibar mpaka Jidda inakaa angani kiasi cha masaa 4 na nusu. Ukipitia Addis Ababa hupotezi masafa, kwa sababu Addis iko karibu kabisa na mstari ule ule: kilomita kama 1,690 mpaka hapo, na 1,410 zilizobaki. Unachopoteza ni muda wa kungoja uwanjani. Ukipitia Dubai ni jambo jengine. Hapa mpaka Dubai ni kilomita 3,900, na kurudi nyuma mpaka Jidda ni 1,700. Jumla 5,600. Umeongeza kilomita 2,500, kama kwenda Jidda na kukaribia kurudi! Ukiwa na mama mzee mwenye magoti mabovu, usitazame bei ya tiketi peke yake. Tazama na mzunguko.

Kasi hii ina mtihani wake wa ibada pia. Ndege inakwenda kiasi cha kilomita 14 kwa dakika moja. Jahazi lilikuwa likiukaribia usawa wa mikati ya Yalamlam polepole, watu wakapata wasaa wa kuoga na kutia nia. Ndege inapita hapo mtu akiwa bado anatafuta kiatu. Ndiyo maana wengi huvaa ihramu nyumbani au uwanjani, na kungoja tangazo ndipo watie nia. Muulizeni shekhe wa msafara wenu kabla ya kupanda, msingoje kuuliza angani.

Lakini wapenzi, msidanganywe na hayo masaa 4. Wazazi wetu walianza kuweka fedha ya Hija mwaka 2008. Sisi ndio tumekwisha kumaliza mafunzo ya ushonaji, tuna cherehani moja ya mguu. Kila upatu tuliocheza fungu moja lilikuwa la Hija. Sare za skuli, mapazia, nguo za harusi, kila kitu kilikatwa kidogo. Mwaka 2020 fedha ikatimia. Wote wawili, baba na mama, miaka 12.

Tulimkatia baba ihramu yake wenyewe. Mnajua ihramu ya mwanamme ni shuka mbili tu, hazishonwi. Sisi ambao kazi yetu ni sindano, nguo ya baba yetu tuliikata na kuikunja bila ya kuitia uzi. Alikuwa akiitoa kabatini na kuinusa.

Kisha maradhi ya korona yakaingia duniani. Hija ya 2020 ikafanywa na watu wachache waliokuwa ndani ya Saudia tu, na ya 2021 nayo ikafungwa kwa wageni. Baba alifariki 2021. Shuka mbili zile ndizo zilizokuwa sehemu ya sanda yake. Hatukuzishona, na hatukuhitaji kuzishona.

Mwaka 2022 Hija ikafunguliwa, lakini kwa wenye umri wa chini ya miaka 65. Mama alikuwa na 66. Tulikwenda na pasi yake ya kusafiria tukaambiwa hivyo, tukarudi nyumbani, na mama hakusema kitu. Aliingia jikoni akawasha moto.

Mwaka 2023 sharti la umri likaondolewa. Mama akaenda, na kaka yetu akiwa mahram wake. Waliondoka asubuhi kupitia Addis Ababa. Sisi tulirudi dukani tukajifanya tunashona. Kabla ya isha simu ikalia ujumbe wa sauti. Mama hajui kuandika kwenye simu. Alisema, "Nimefika. Kuna joto. Mmekula?"

Tulilia, na tulipokuwa tunalia tulimkumbuka bibi wa bibi yetu. Yeye alingoja misimu miwili asipate neno moja. Sisi tulingoja siku moja tu, tukaulizwa kama tumekula. Baba tulimfanyia nini? Kaka alikuwa ameshajihijia zamani kwa nafasi aliyoipata kazini kwake, kwa hiyo mwaka huo alihiji kwa niaba ya baba. Mwenyezi Mungu akubali.

Tumejifunza nini katika hesabu zote hizi? Zamani kungoja kulikuwa baharini na kwenye milango ya wanawake waliobaki. Leo kungoja kumehamia kabla ya safari. Kuko kwenye cherehani, kwenye upatu, kwenye foleni, na wanaongojeshwa zaidi ni wazee. Ndege imefupisha kile kipande cha mwisho tu. Kwa hiyo dada zetu, kama mna wazazi wenye nia ya Hija na mna kidogo cha kuongeza, ongezeni sasa. Msiseme "ni masaa manne tu, watakwenda wakati wowote." Kama mnacheza upatu, mpeni mama fungu la mwanzo, si la mwisho. Na kama mwenye kuchukua fedha zenu za safari hataki kukupeni risiti, chukueni fedha zenu mwondoke.

Yule mteja alipopitia tena kuchukua mtandio wake tulimpa jawabu: kilomita 3,100, moja kwa moja kuelekea kibla. Akafikiri kidogo akasema, "Kumbe kila siku nikiswali natazama njia yangu."

Mwenyezi Mungu awaghufirie waliofia njiani na waliofia wakingoja, na awajaalie wenye nia wafike na warudi salama. Amin.